Chui jike na malezi ya watoto Ukambani

Chui (kwa Kikamba ngo, jina la kisayansi Panthera pardus) ni mnyama wa jamii ya paka anayeishi peke yake. Jike hubeba mimba, huzaa, hunyonyesha, huwinda na kufundisha watoto bila msaada wa dume wala wa ndugu. Simba jike ana nafuu hiyo: watoto wake hunyonya hata kwa shangazi zao, na kundi zima huwalinda. Chui hana wa kumwachia watoto. Makala hii inahusu malezi hayo katika kaunti za Kitui na Makueni pamoja na hifadhi zinazopakana nazo, na inachukua mifano ya Maasai Mara, Meru na Afrika Kusini pale ambapo chui wa huko wamefuatiliwa kwa karibu zaidi kuliko chui wa nyika yenye vichaka.

Nchi anamoishi

Mtu akitoka Kikima, juu ya milima ya Mbooni, huanza safari yake katikati ya mashamba ya matuta, mahindi na miti ya matunda, katika mojawapo ya sehemu za Ukambani zilizolimwa na watu kwa muda mrefu zaidi. Akishuka kuelekea kusini-mashariki hewa inapata joto, mibuyu inaanza kuonekana, na anapofika Kibwezi na Mtito Andei tayari yuko kwenye mlango wa Tsavo. Magharibi kuna vilima vya volkano vya Chyulu, vilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Mashariki, ng'ambo ya mto Athi, kuna uwanda mrefu wa Yatta, na baada yake Kitui ya kusini yenye vichaka vya miiba, mito ya mchanga na majabali yanayochomoza ardhini kama lile la Nzambani. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Sehemu zake mbili, Mashariki na Magharibi, zikijumlishwa zinapita kilomita za mraba 20,000. Hifadhi za Kitui Kusini na Mwingi, ambazo watalii wachache sana huzifahamu, zilitangazwa mwaka 1979.

Katika nchi hii chui hula anachokipata: digidigi, pimbi, kanga, sungura, swala pala, swala twiga, nyani, na mbuzi wa watu akipata nafasi. Jike mzima ana uzito wa kilo 40 hivi, mara nyingi pungufu. Simba jike humzidi mara tatu, na fisi madoa humzidi pia. Kwa hiyo mama chui hawezi kutegemea misuli na meno yake peke yake. Anachotegemea ni ujuzi wa eneo lake: anajua kila mwanya wa jiwe, kila kichaka chenye njia mbili za kutokea na kila mti unaopandika. Ujuzi huo huchukua miaka kuupata, na hauhamishiki.

Kuzaa na kuficha

Mimba huchukua siku 90 hadi 106. Watoto huwa mmoja hadi watatu, kwa kawaida wawili, kila mmoja akiwa na uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo, macho yakiwa yamefumba kwa wiki ya kwanza hivi. Manyoya yao ni mazito na ya kijivu, na madoa yamebanana kiasi kwamba hayatofautiki vizuri.

Mahali pa kuzalia huchaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kwenye Chyulu na Tsavo Magharibi kuna mawe meusi ya volkano, yakiwemo yale ya mahali paitwapo Shetani, ambayo yalipoganda yaliacha nyufa na mapango yasiyohesabika. Kitui kuna mawe makubwa yaliyolaliana. Pasipo na mawe, jike hutumia shimo lililochimbwa na muhanga, uwazi wa mti mkubwa, au kichaka kilichofungamana. Sharti ni moja: mlango uwe mwembamba, apite yeye kwa kujibana, simba na fisi washindwe.

Halafu inakuja shida ambayo hakuna pango linaloitatua. Mama lazima ale ili maziwa yatoke, na ili ale lazima aondoke. Digidigi ana uzito wa kilo tano tu. Hamtoshelezi anayenyonyesha kwa siku nyingi. Hivyo huwaacha watoto peke yao usiku mzima, mara nyingine mchana na usiku, naye akiwa mbali hana njia ya kujua kinachotokea nyuma yake. Ulinzi wao katika saa hizo ni kimya. Mtoto wa chui hatoki wala halii mpaka amsikie mama akimwita kwa sauti ya chini karibu na mlango. Sauti ile nyingine ya chui, inayokwaruza kama msumeno kwenye gogo na kusikika mbali usiku, ni ya kutangaza mipaka kwa chui wengine; watoto hawaitwi kwa sauti hiyo.

Mama hupambana na harufu vilevile. Huwalamba watoto, humeza kinyesi na mkojo wao ili tundu lisinuke, na baada ya siku chache huwahamisha. Humbeba mmoja kwa ngozi ya shingo, humpeleka kwenye maficho mapya, kisha hurudi kumchukua wa pili. Kati ya safari hizo mbili, mtoto mmoja yuko mahali pageni na mwingine yuko mahali ambapo harufu imekwisha kujaa. Mama hulirudia jambo hili mara nyingi kabla watoto hawajaweza kumfuata, nami sioni kazi katika maisha ya mnyama huyu inayodai ujasiri zaidi.

Maadui

Simba akikuta watoto wa chui huwaua, na mara nyingi hawali. Huondoa mshindani wa kesho. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu Kenya nzima simba 2,589 na fisi madoa 5,189, na Tsavo ni mojawapo ya ngome kuu za simba hao. Fisi ni hatari ya aina nyingine: hufuata harufu ya damu, hivyo mama anayerudi kutoka kwenye mzoga anaweza kumwongoza adui hadi mlangoni bila kujua. Mbwa mwitu, chatu na tai wakubwa nao hunyakua watoto.

Nyani wanastahili kutajwa kivyao. Usiku, kundi likiwa limelala juu ya mawe au mitini, chui huwaendea na kuwakamata. Mchana mambo hugeuka. Madume ya nyani yana meno marefu na hushambulia kwa pamoja, na kundi likigundua watoto wa chui huweza kuwaua mama akitazama. Majabali ambayo nyani wa Ukambani hulala juu yake ndiyo hayohayo chui anayoyapenda kwa kuzalia, kwa hiyo ujirani huu hauepukiki.

Mti ni kimbilio la pili baada ya jiwe. Fisi hapandi kabisa, na simba hupanda kwa taabu. Ndiyo maana chui huvuta mzoga juu, na ndiyo maana watoto hujifunza kupanda mapema sana. Lakini picha tulizozizoea, za chui amelala kwenye tawi pana la mti mkubwa, zinatoka Mara na Serengeti. Sehemu kubwa ya nyika ya Tsavo na Kitui ni miti mifupi yenye miiba. Mikuyu, mikwaju na migunga mirefu imesimama kandokando ya mito kama Athi na Tiva, na huko mama mwenye watoto wanaotembea hupenda kukaa. Anayekata miti ya kando ya mto huwapunguzia watoto hawa ngazi yao ya kuokokea.

Huko Mara, mwandishi Jonathan Scott aliandika habari za jike aliyemwita Chui na watoto wake wawili katika kitabu chake cha mwaka 1985, The Leopard's Tale. Baadaye kipindi cha BBC cha Big Cat Diary, kilichoanza mwaka 1996, kilimfuata Half-Tail, jike aliyepoteza nusu ya mkia wake, na bintiye Zawadi. Watazamaji wengi walijifunza kupitia Zawadi jambo ambalo wachungaji walilijua siku zote: mama mzoefu, hodari na mwangalifu bado hupoteza watoto. Katika eneo la Sabi Sand, Afrika Kusini, ambako majike wamefuatiliwa kwa vizazi kadhaa, zaidi ya nusu ya watoto hufa kabla ya kujitegemea.

Dume mgeni

Chanzo kikuu cha vifo hivyo vya Sabi Sand ni chui wenyewe. Eneo la dume hufunika maeneo ya majike kadhaa. Akiwa hai na mwenye nguvu, huwafukuza madume wengine, na ingawa halishi watoto wala hawalindi ana kwa ana, uwepo wake ni ukuta. Akifa au akishindwa, mgeni huingia na kuua watoto asiowazaa. Jike aliyepoteza watoto hurudi kwenye joto baada ya muda mfupi, naye mgeni hupata kuzaa wa kwake. Majike hujaribu kujikinga kwa kupandwa na madume zaidi ya mmoja, ili kila mmoja wao awaone watoto kuwa huenda ni wake.

Kwa hiyo dume mmoja anayekufa kwenye mtego wa waya karibu na kijiji huacha nyuma yake msiba mrefu kuliko anavyodhani aliyeutega.

Kukua na kutengana

Wakifika wiki sita hadi nane watoto huanza kutembea na mama, wakiongozwa gizani na ncha nyeupe ya mkia anaouinua. Huonja nyama mapema, na kufikia miezi mitatu hivi wanaachishwa ziwa. Sasa mama huwapeleka kwenye mzoga. Hujizoeza kwa panzi, mijusi, kanga na pimbi, na hukosea sana. Kati ya miezi 12 na 18, wengine zaidi, hutengana naye. Binti mara nyingi hukaa jirani, hata akamegewa kipande cha eneo la mama, hivyo anarithi mawe na maji anayoyafahamu tangu utoto. Kijana wa kiume lazima aende mbali. Baina ya Chyulu, msitu wa Kibwezi na Tsavo, kwenda mbali ni kuvuka mashamba, barabara kuu ya Mombasa na reli, na baadhi ya chui wanaokutwa kwenye maboma hutoka katika kundi hili la vijana wasio na pao.

Binadamu

Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ngozi za chui zilitafutwa sana kwa makoti ya Ulaya na Marekani. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini (CITES) ulipoanza kazi mwaka 1975 ulimweka chui kwenye orodha yenye ulinzi mkali zaidi, na Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata. Tangu 2016 shirika la IUCN linamhesabu chui kuwa katika hali ya kuathirika.

Leo ngozi si tishio kuu Ukambani. Mitego ya nyaya inayotegewa digidigi na swala hukamata chui pia, na vikosi vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na Sheldrick Wildlife Trust huzunguka pande za Ithumba na Kibwezi wakiing'oa. Uchomaji makaa hufyeka vichaka vya maficho. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Ukame, kama ule mkali uliofikia kilele mwaka 2022, huua mawindo na kuwasukuma wafugaji na mifugo yao hadi ndani ya hifadhi, ambako mbuzi na chui hukutana.

Mbuzi wakiuawa, wananchi huomba chui atolewe. Ni ombi la haki kwa mtu ambaye ada ya shule ya watoto wake iko zizini. Hata hivyo dawa iliyozoeleka, kumnasa kwenye kizimba na kumpeleka hifadhini, haifanyi kazi inavyotarajiwa. Patrick Hamilton, aliyewafunga chui wa Tsavo mikanda ya redio katika miaka ya 1970, alichunguza pia chui waliohamishiwa Meru, akakuta wengi hawakukaa: waliondoka hifadhini. Mnyama aliyenyang'anywa ujuzi wa eneo lake hana mahali pa kujificha wala pa kuwinda ambapo hapana mwenyewe. Aliyehamishwa akiwa jike anayenyonyesha, watoto hubaki kwenye mwanya wa jiwe wakingoja wito, na hufa kwa njaa bila mtu kuwaona. Kukagua matiti ya jike aliyenaswa kabla gari halijaondoka ni kazi ya dakika chache, na ingepaswa kuwa lazima.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaja chui miongoni mwa wanyama ambao madhara yao kwa watu na mifugo hulipiwa fidia, lakini malipo huchelewa mno. Upande wa Wamaasai wa Chyulu, mfuko wa fidia ulioanzishwa Mbirikani mwaka 2003 hulipa wafugaji kwa haraka zaidi, kwa masharti, na hupunguza kiasi pale mfugo ulipouawa kwa sababu ya ulinzi hafifu. Kinachosaidia usiku ni boma linalomfaa chui hasa. Ua wa miiba unaomzuia simba haumzuii mnyama anayeruka na kupanda. Zizi la mbuzi linahitaji wavu wa waya pande zote na paa, mlango usio na mwanya, na miti iliyoliinamia ipunguzwe matawi. Mchana, mbuzi wachungwe mbali na majabali, hasa na watu wazima, kwa kuwa jike mwenye watoto walioanza kutembea huwinda hata jua likiwa juu.