Khadi Yarudi Vijijini
Katika karne ya 19 nguo za viwanda vya Uingereza zilifurika India, na wasokotaji wengi wa vijijini wakapoteza riziki. Harakati ya Swadeshi, iliyoanza Bengal mwaka 1905, ilihimiza kususia bidhaa za kigeni, lakini ufundi wenyewe wa khadi, kitambaa kinachosokotwa na kufumwa kwa mkono, ulikuwa umefifia mno. Mahatma Gandhi, kiongozi wa kupigania uhuru wa India, alipotafuta charkha, yaani magurudumu ya kusokotea, Gangaben Majmudar, mwanamke aliyemsaidia kuyatafuta, aliyakuta Vijapur, Gujarat, yametelekezwa darini. Wakati wa kusokota, mkono wa kulia huzungusha gurudumu. Wa kushoto huvuta pamba taratibu hadi iwe uzi. Kazi hiyo nyepesi iliwarudishia wanawake maskini kipato, na hilo ndilo fanikio lake kubwa. Tume ya Khadi na Viwanda vya Vijijini, iliyoundwa mwaka 1957, ingali ikisimamia khadi.