Reli ya Usambara na Njia ya Mombo

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na ndiyo ya kwanza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Kampuni binafsi iliyopewa kazi iliishiwa fedha mapema. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, kilomita 40 tu kutoka pwani, ikakwama. Watawa wa Kitrapisti walipofungua misheni ya Gare, katika milima ya Usambara, mwaka 1897, safari ya kutoka Muheza hadi huko juu ilikuwa bado ya miguu na wapagazi.

Serikali ya kikoloni iliichukua reli mwaka 1899, ikaifikisha Korogwe 1902 na Mombo 1905. Hiyo ni kasi ya konokono: Waingereza, walioanza Mombasa mwaka 1896, walikuwa wameshafika Ziwa Viktoria Desemba 1901, zaidi ya kilomita 900. Moshi ilifikiwa mwishoni mwa 1911, kilomita 352 kutoka Tanga. Baada ya kahawa ya walowezi wa Usambara kutofanya vizuri, kilichoipa reli uhai ni mkonge, ulioletwa mwaka 1893.

Wahandisi hawakuthubutu kuupanda mlima. Reli inaambaa nyikani, chini ya miamba, ikifuata bonde la Pangani. Lushoto, enzi hizo Wilhelmstal, iliunganishwa nayo kwa barabara ya kona nyingi iliyoshuka hadi Mombo. Mbao za msitu wa Shume nazo ziliteremshwa kwa waya zikining'inia hewani hadi stesheni ya Mkumbara, na huenda huo ndio ulikuwa ufundi mkubwa kuliko reli yenyewe.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliikuta njia hii katikati ya mapigano. Waingereza walijenga reli kutoka Voi hadi Kahe, na hivyo Moshi ikaunganishwa na Mombasa. Njia ilifika Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini msafiri wa Dar es Salaam hakuweza kufika Mombo kwa treni moja kwa moja, hadi kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kilomita 188, kilipofunguliwa mwaka 1963.

Hata baada ya hapo, mwendo haukuweza kuwa wa haraka. Reli ina upana wa mita moja na njia ni moja tu, kwa hiyo treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni: moja huingia njia ya pembeni na kusubiri. Basi kwenye lami halina kumsubiri mtu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Matengenezo yalizorota, na mabasi yakawachukua abiria. Treni za abiria za kaskazini zikasimama kwa zaidi ya miaka 20.

Zilirudi Desemba 2019, kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na Oktoba 2020 zikafika Arusha, zikipita Korogwe, Mombo na Same. Ni safari ya usiku kucha, huku reli mpya ya Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ikiwa imejengwa kwa ajili ya treni za mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Mtu wa Gare anayetaka treni bado hulazimika kuteremka kwa gari hadi Mombo, na kabichi, karoti na viazi vya Lushoto vinavyokwenda sokoni Dar es Salaam husafiri kwa malori.