Waya, mahindi na tembo: historia fupi ya Grumeti Fund

Mtego wa nyumbu hauhitaji fundi. Waya unachomolewa kwenye tairi kuukuu lililochomwa moto, unapigwa kitanzi, unafungwa kwenye mgunga ulio kando ya njia ya wanyama, basi. Kitanzi kinaning'inia usawa wa shingo. Kikimkosa nyumbu kitampata pundamilia, au simba, au mkonga wa tembo, na kadiri mnyama anavyovuta ndivyo kinavyozidi kukaza. Nyumbu wanapopita magharibi mwa Serengeti kwa makundi, mtu mwenye nyaya kumi hana haja ya bunduki.

Historia ya Grumeti Fund naianzia kwenye waya huo, kwa sababu ndio uliouleta mfuko. Ukitoka Mugumu kuelekea lango la Ikoma, Robanda unaipita hifadhi ikiwa tayari inaonekana mbele. Ni kijiji cha Waikoma, watu ambao mababu zao waliwinda mahali ambapo leo panalipiwa kiingilio. Mwaka 1951 ilikuja Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na ardhi ya kuwindia ikazidi kusogea mbali na mlango wa nyumba. Sheria ilibana, lakini nyama ilibaki na wanunuzi wake, na askari wa wanyamapori walikuwa wachache kuliko vichaka.

Mwaka 2002 akaingia Paul Tudor Jones, mwekezaji wa Marekani aliyepata utajiri wake kwenye masoko ya fedha. Kwao New York alikuwa tayari ameanzisha Robin Hood, mwaka 1988, taasisi inayotoa ruzuku kupambana na umaskini wa jiji hilo, ambayo wajumbe wa bodi yake hubeba gharama za uendeshaji ili senti ya mchangiaji isiishie kwenye kodi ya ofisi. Huku mkoani Mara alichukua vitalu vilivyokuwa vya uwindaji, akavielekeza kwenye utalii wa picha. Eneo lote, pamoja na mapori hayo mawili ya akiba na sehemu ya eneo la hifadhi ya jamii la Ikona, ni kama ekari 350,000. Mwaka 2006 uendeshaji wa hoteli ulikabidhiwa kampuni ya Singita ya Afrika Kusini. Mfuko wake, Grumeti Fund, ukabaki chombo kingine, kisichogawana faida, chenye kazi ya hifadhi na ya vijiji.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya doria. Askari waliajiriwa kutoka vijiji vya jirani, na baadhi yao walikuwa majangili jana yake. Watu wa mbali walishangaa. Wenyeji hawakushangaa hata kidogo: nani mwingine angejua mtego umefichwa wapi? Nyati waliohesabiwa mwaka 2003 walikuwa takriban 600. Haikupita miaka mingi wakawa wanahesabiwa kwa maelfu.

Hapo mfuko wa aina nyingine ungepiga picha, ukaandika ripoti na kufunga mradi. Ila waya una njaa nyuma yake. Aliyenyang'anywa mtego bado ana ada ya kulipa na mke anayeamka alfajiri kufuata maji. Ndivyo kazi ilivyotanuka: visima, ufadhili wa masomo, kambi za elimu ya mazingira kwa wanafunzi, mafunzo ya biashara ndogo, mbwa wa kunusa pembe na nyama. Mwaka 2018 zilianza Serengeti Girls Run, mbio za siku tatu ambamo wanawake kutoka nchi mbalimbali hukimbia porini na kuchangisha fedha za kuwasomesha na kuwainua wasichana wa vijiji hivi. Mwaka 2019 walishushwa faru weusi tisa kutoka Afrika Kusini. Faru, kisima na binti wa kidato cha pili ndani ya mfuko mmoja! Mhasibu wa serikali angeumwa kichwa.

Aliyewahi kuandika andiko la mradi anajua ninachokisema. Fedha nyingi za wafadhili huja zimekwisha kupewa jina: hii ya semina, hii ya mafuta ya gari, na ole wako ukihamisha ya semina ukanunulia chaki. Tatizo likihama, fedha inabaki pale pale. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, mamia ya taasisi za ufadhili duniani zilitia saini ahadi ya kulegeza masharti, kana kwamba ni jambo jipya. Fedha inayomruhusu mtendaji kubadili mwelekeo ndiyo iliyouwezesha mfuko wa Grumeti kutoka kwenye waya hadi kwenye ada ya shule. Nadhani ilisaidia kuliko bunduki.

Nisije nikasifu upande mmoja. Robanda ina historia yake ya fedha, na haikuanza na Mmarekani. Kabla ya jumuiya ya hifadhi, kijiji chenyewe kilikuwa na mikataba yake na wenye kambi za watalii. Fedha iliingia moja kwa moja, na mkutano mkuu wa kijiji ndio ulioamua kama ni darasa au zahanati. Kisha zikaja kanuni za 2002 za maeneo ya hifadhi ya jamii. Robanda, Nyichoka, Makundusi, Natta-Mbiso na Park Nyigoti zikaunganishwa kuwa Ikona, chini ya jumuiya iitwayo JUHIWAI, na fungu la vijiji likawa linagawanywa sawa kwa vyote vitano. Kwa Robanda, yenye kambi nyingi na wanyama mlangoni, hesabu hiyo ilikuwa chungu, na ubishi wake umechosha vikao vingi. Ukiuliza kwa nini watu wapokee ruzuku ya mfuko huku wamenuna, sehemu ya jibu iko hapo. Ruzuku, hata iwe huru namna gani, huamuliwa na aliyeitoa. Fedha ya kambi iliamuliwa na wao.

Siku hizi kazi ambayo haikuwa kwenye mpango wowote wa 2002 hufanyika usiku. Mahindi yakikomaa, simu inalia: tembo wameingia shambani. Gari linatoka na vijana wenye tochi kali na honi, na mara nyingine droni inayovuma juu kama kundi la nyuki, mlio ambao tembo huukimbia. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu walizorithi na kuzitukuza tangu enzi za mababu, hivyo heshima kwa tembo haikuletwa na mfadhili. Heshima hiyo haimzuii tembo kumaliza chakula cha mwaka kabla ya jogoo kuwika. Askari walioajiriwa kumlinda tembo dhidi ya mwanakijiji wanakesha mpakani wakilinda mahindi ya mwanakijiji dhidi ya tembo. Kukipambazuka wanarudi kambini, wanalala kidogo, kisha wanaingia porini kutafuta nyaya.