Hewa Waliyokwenda Kuipunga

Mnamo mwezi wa Novemba, 1946, wakati watu wa Marekani walipokuwa wamekwisha kuiweka vita nyuma yao na kuanza tena kuyatamani mambo ya starehe, wavuvi wa Naples, mji mdogo ulioko magharibi ya rasi ya Florida, waliyaona maji ya Ghuba ya Meksiko yamegeuka rangi, pengine umanjano, pengine wekundu wa kutu, na juu yake samaki wakielea matumbo wazi, wakubwa kwa wadogo. Muda si muda balaa ile ikapanda kaskazini, ikapita Fort Myers na visiwa vya Sanibel na Captiva, ikatulia kidogo mwanzo wa mwaka, kisha ikarejea katika 1947 na kufika hata Venice na Sarasota. Na kila ilipopita iliacha fukwe zimetandikwa mizoga, na uvundo ambao haukuwa na mlango wa kuuzuia.

Ili kuudiriki ukubwa wa msiba huo yafaa tukumbuke pwani ile ilikuwa ikiishi kwa nini. Tangu 1885, alipopata habari kila mpenda uvuvi kwamba William H. Wood amemkamata kwa ufito na mshipi, karibu na Punta Rassa, samaki yule mkubwa mwenye magamba ya fedha aitwaye tarpon, matajiri wa kaskazini walishika desturi ya kushuka huko kila kipupwe kukodi mashua na manahodha. Na barabara ya Tamiami ilipofunguliwa katika 1928, wakafuata watu wa kadiri, kila mtu na jamaa zake. Walikimbia theluji. Hawakufuata dhahabu wala pembe, bali jua, maji na upepo. Na lugha yetu, ambayo aghalabu huwahi kulipata neno lililo sawa, husema kwamba watu wa namna hiyo wamekwenda kupunga hewa. Basi katika mwaka ule wa 1947 ilikuwa hewa yenyewe ndiyo iliyoharibika.

Mgeni aliyetoka asubuhi kutembea ufukweni alijisikia kooni kama aliyevuta moshi wa pilipili: macho yakimchonyota, pua zikimtiririka, akakohoa kikohozi kikavu hata akashindwa kusema, akarudi ndani, akafunga madirisha, na punde akapoa, akatoka tena, kikaanza tena. Alfred Woodcock, mtaalamu wa bahari na hewa, aliishika kadhia hii na kuiandika katika 1948. Aliyachukua maji yale machafu, akayarusha hewani yakawa manyunyu madogo kuliko umande, na waliovuta pumzi humo wakakohoa kama waliokuwa ufukweni. Walipovuta pumzi kupitia pamba, mwasho ukaondoka. Kwa pamba hiyo ikathibiti kwamba sumu ilipanda katika matone ya maji ya bahari yaliyovunjwa na mawimbi, na kwamba kitu kinachoweza kuyachuja matone huichuja na sumu. Mimi huona kwamba katika tarikh yote ya jambo hili hakuna ushahidi mzuri zaidi, kwa wepesi wake.

Waingereza na Wamarekani huliita jambo hili kwa jina lenye maana ya maji kujaa yaliyo mekundu, nalo ni jina la kupotosha, kwani halina nasaba na bamvua wala maji mafu, wala si lazima liwe jekundu. Asili yake ni kijimea kimoja katika aila ya mwani, chembe moja tu isiyoonekana kwa jicho, yenye nyuzi mbili za kuogelea, ambayo Charles Davis aliitambua na kuipa jina katika 1948, na ambayo tangu 2000 huitwa Karenia brevis, kwa heshima ya Karen Steidinger, bibi aliyekitafiti kijimea hicho miaka mingi katika maabara ya serikali mjini St. Petersburg. Hakikuja na mahoteli. Habari zake zimeandikwa tangu 1844, na siku zote huishi katika Ghuba kwa uchache, pasipo kumdhuru mtu. Lakini mwishoni mwa kiangazi na katika majira ya vuli pengine huongezeka huko nje, kilomita makumi kutoka pwani, kisha mikondo na pepo zikakisukuma ufuoni, ambako hukuta rutuba itokayo mitoni na mashambani, kikazidi kunawiri. Zikipita chembe 5,000 katika lita moja ya maji, watu hukatazwa kuchukua chaza, kwa kuwa chaza huichuja bahari na kuihifadhi sumu mwilini mwake wala moto wa jikoni hauiondoi. Zikipita 100,000, samaki huanza kufa, maana sumu ile huishika mishipa ya fahamu.

Kwa mwenye mashua hasara huingia kwa njia ambazo msafiri wa nchi kavu hazifikirii. Nahodha atokaye alfajiri na wageni wake, amekwisha kuwanunulia chambo hai na kukitia katika tangi livutalo maji ya bahari ili kisife, huweza kupita katika utando wa maji yale pasipo kujua, akageuka nyuma akakuta chambo chote kimelala ubavu. Rasharasha ya omo, ambayo siku nyingine ndiyo raha ya safari, huwarushia wageni kikohozi usoni. Na mwenye pumu lazima arudishwe.

Wakati mmoja watu walidhani kwamba bahari itatibika kama linavyotibika shamba. Katika 1957 wataalamu wa serikali ya Marekani walipeleka ndege za kunyunyizia mazao, zikamwaga mrututu, karibu tani 100, juu ya maji ya karibu na St. Petersburg, eneo la maili 16 za mraba. Vijimea vilikwisha karibu vyote, watu wakafurahi. Wala hazikupita wiki mbili, vikarudi. Zaidi ya hayo mrututu ni sumu kwa viumbe wengine wa baharini, na dawa ile ikaachwa, nami nasema iliachwa kwa haki.

Wala asidhani msomaji kwamba hii ni habari ya mbali. Jamaa zetu walioko Omani, ambao wengi wao Kiswahili bado ni lugha ya nyumbani mwao, waliyaona ya kwao kuanzia Agosti 2008, wakati kijimea cha jamii nyingine kilipozuka pwani ya mashariki ya Falme za Kiarabu, kikaenea katika Ghuba ya Omani na ndani ya Ghuba ya Uajemi kwa zaidi ya miezi minane, kikaua samaki na matumbawe, na hata kulazimisha kufungwa mitambo igeuzayo maji ya chumvi kuwa ya kunywa.

Florida nayo haikusalimika. Kuanzia Oktoba 2017 hata mwanzo wa 2019 maji mabaya yalikaa takriban bila kuondoka. Katika Julai 2018 papa shilingi, urefu wake kiasi cha mita nane, alitupwa maiti ufukweni Sanibel, na tarehe 13 Agosti gavana akatangaza hali ya hatari katika wilaya saba. Vyumba vilivyowekewa nafasi vikaachwa, mashua zikalala gatini katikati ya msimu.

Hata hivyo kuna jambo moja lililotofautisha mwaka huo na 1947, nalo ni habari. Yule mgeni wa zamani aliifahamu dhara kwa koo lake, akiwa amekwisha kulipa nauli na chumba. Leo serikali ya jimbo huteka maji kwenye vituo vingi vya pwani na kuyahesabu chembe chini ya darubini; na maabara ya Mote, iliyoasisiwa na Eugenie Clark katika 1955, imewapa waokoaji wa fukweni tangu 2006 kazi ndogo ambayo kwangu ni ya thamani kuliko ndege zote za mrututu. Mara mbili kwa siku mwokoaji husimama mahali pake, akatazama kama kuna samaki wafu mchangani, akasikiliza kama watu wanakohoa, akaangalia rangi ya maji, na yote akayapeleka yasomwe na mtu aliyeko mbali, ambaye mashua yake ingali juu ya gari uani na watoto wanapakia nguo. Hupeleka pia jambo moja ambalo kila nahodha wa kale angeliuliza kwanza: upepo unatoka nchi kavu, au unatoka baharini?