Jicho Lina Mpaka Wake

Ndugu msomaji, hapa Spring Valley na Westlands kijana akipata simu mpya husifu kioo chake: "Huoni hata nukta moja!" Lakini kwa nini huzioni? Hebu turudi nyuma kidogo.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba twaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu ikaingia machoni. Alieleza pia kwamba kitu kikiwa kidogo mno, au mbali mno, jicho halikitambui.

Mwaka 1862 daktari Mholanzi, Herman Snellen, alitoa ubao wa herufi zinazozidi kupungua ili kuupima mpaka huo. Jicho zima hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya digrii moja iliyogawanywa mara 60. Kwenye simu iliyo sentimita 30 kutoka usoni, hiyo ni kama milimita 0.09. Simu ya iPhone 4 ya mwaka 2010 ilikuwa na nukta 326 kwa inchi, kila moja chini ya milimita 0.08. Ndio manake hazionekani.

Faida yake ni nini? Kioo kama hicho chaweza kuchora herufi ndogo iliyo safi, kikafanya kazi ya ubao wa Snellen. Daktari Andrew Bastawrous na wenzake walitengeneza programu ya Peek Acuity, wakaijaribu Nakuru na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Si lazima mtu ajue kusoma: huonyesha kwa kidole upande ambao herufi E imeelekea.

Kisha Dkt. Hillary Rono wa Kitale na wenzake walifanya utafiti katika shule 50 za msingi, Trans Nzoia. Nusu zilitumia Peek: mzazi alipewa picha ya ubao wa darasa jinsi mtoto wake anavyouona, akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Matokeo ya 2018: kati ya kila watoto 100 walioambiwa waende hospitali, 54 walifika. Kwenye shule nyingine, 22 tu.

Mtoto asiyeona vizuri hajui kwamba wenzake wanaona zaidi, kwa hivyo halalamiki. Sisi twamwita mvivu, shuleni na hata madrasa, na kumbe msahafu ameusogeza hadi puani. Wazazi na walimu wetu, kabla ya kumkaripia, mpimeni macho.

Wabillahi tawfiq.