Usahaulifu wa uzeeni ni maradhi, wala si uchawi

KATIKA mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, si ajabu kusikia ikisemwa kuwa mzee fulani amerudi utotoni. Huuliza jambo moja mara kumi, huwashuku wajukuu kwamba wamemwibia, na ifikapo magharibi hutaka kurejea katika nyumba iliyobomolewa miaka mingi iliyopita. Jamaa huona kuwa huo ni uzee tu. Wengine hunong’ona kwamba amerogwa, au vibaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi.

Hali hiyo huitwa dimenshia. Si ugonjwa mmoja bali ni mkusanyiko wa dalili zinazojitokeza seli za ubongo zinapoharibika. Aina iliyoenea zaidi, inayochangia asilimia 60 hadi 70 ya visa, ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka wa 1906. Aina nyingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ubongoni, hasa baada ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa na dimenshia mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha wastani.

Si kila usahaulifu ni ugonjwa. Anayesahau alikoweka miwani kisha akakumbuka hana la kuhofia. Anayeishika miwani asijue ni ya kazi gani anafaa kupelekwa kwa daktari. Kumbukumbu mpya ndizo hutangulia kupotea. Kwa hivyo, mzee wa Kisauni anaweza kusimulia vyema habari za daraja la kuelea la Nyali, lililotumika kabla ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka wa 1980, na bado asijue kama amekula chakula cha mchana. Hajifanyi.

Ni muhimu mgonjwa achunguzwe hospitalini kabla ya kuhukumiwa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huenda kukaletwa na malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, upungufu wa maji mwilini au dawa anazotumia. Upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo pia huvuruga kumbukumbu. Yote haya yanatibika. Wakazi wanaweza kuanzia katika hospitali za Likoni na Port Reitz, kisha waelekezwe katika Hospitali Kuu ya Pwani iliyo kisiwani.

Dimenshia nyingi haina tiba ya kuiondoa kabisa, lakini kinga ipo. Jopo la wataalamu lililoandaliwa na jarida la tiba la Lancet lilieleza mwaka wa 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangedhibitiwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene, uvutaji sigara, ulevi, kutofanya mazoezi, huzuni ya muda mrefu, hewa chafu, upweke na elimu duni. Mengine ni kutosikia na kutoona vizuri yasiposhughulikiwa, pamoja na majeraha ya kichwa.

Kinga hiyo huanza mapema, si mtu anapofika miaka 70. Anayepima presha akiwa na miaka 40, akapunguza chumvi na kutembea kila siku, anaulinda ubongo wake. Kijana wa bodaboda anayevaa helmeti anajikinga vilevile. Mzee naye asifungiwe chumbani: kucheza bao, kuzungumza barazani na kuhudhuria ibada humpa sababu ya kufikiri.

Kwa aliyekwisha kuugua, utulivu ni nusu ya dawa. Asibishiwe wala asichekwe. Akimwulizia mumewe aliyefariki zamani, heri kumwomba asimulie habari zake kuliko kumpasulia msiba upya kila siku. Ratiba isibadilishwe ovyo, na jiko, dawa na visu viwekwe mbali. Kwa kuwa wagonjwa wengi hupotea njia, nambari ya simu ya jamaa ishonwe ndani ya nguo yake, na majirani, wenye maduka na wanabodaboda waarifiwe. Likoni, ambako umati huvuka kwa feri, tahadhari hii ni ya lazima.

Mambo ya shamba, akaunti na wasia yakamilishwe angali na fahamu zake, mbele ya mashahidi waaminifu. Nambari ya siri ya simu yake isiwe mikononi mwa kila mtu.

Mzigo wa kumtunza mara nyingi huachiwa binti au mkaza mwana mmoja. Ndugu wapeane zamu, kwani mlezi aliyechoka huugua pia.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Hata hivyo, katika kaunti jirani za Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na huko Ganze kituo cha Kaya Godoma kimelazimika kuwapa hifadhi waliotoroka makwao. Kwa mzee anayezungumza peke yake au kutangatanga usiku, jirani anayeitambua dimenshia anaweza kumwokolea maisha.