Wuxing ni mienendo mitano

Vitabu vingi vinavyoeleza tiba ya jadi ya China huandika "elementi tano": mti, moto, udongo, metali na maji. Neno hilo hutupeleka kwenye maabara ya kemia, na huko ndiko tunakopotea. Wachina husema wuxing. Wu ni tano. Xing ni kwenda, na alama yake ya kale ilichorwa kama njia panda. Mimi naomba tuseme mienendo mitano.

Tofauti hii si ndogo. Elementi hukaa, mwenendo hupita na kuupisha mwingine. Mti hulisha moto, moto huacha majivu yanayogeuka udongo, udongo huzaa metali, metali huzaa maji, nayo maji hunywesha mti. Papo hapo kuna kuzuiana: maji huzima moto, metali hukata mti. Katika Huangdi Neijing, kitabu cha takriban miaka 2,000 iliyopita, ini limepewa mti na hasira, figo zimepewa maji na hofu. Ndiyo maana tabibu akiona ini limedhoofika huenda akaanza na figo: maji ni mama wa mti, na mama akishiba mtoto hunyonya.

Na qi, nguvu ya ndani ya mwili ambayo tabibu huyo huitaja pia? Alama yake ya jadi ni mvuke juu ya punje za mchele. Tabibu akisema anaisawazisha, ana maana ya kuifungulia njia pale ilipokwama na kuiongeza pale ilipopungua.